Ombi la Mama Ciru

Habari ya Baba Ciru kulewa ilitoka nje kwa njia ya maombi, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuiita umbea. Lau Mary Chebet angeisimulia nje ya kanisa, akina mama wakivaa masweta yao na kutafuta miavuli, angeambiwa ana mdomo. Lakini aliisema akiwa amepiga magoti, macho ameyafumba, machozi yakimtiririka, katikati ya maombi ya akina mama ya Jumatano. Alikuwa akizungumza na Mungu. Waliokuwa kando walisikia tu.

"Bwana, mwangalie mtumishi wako Mungai!" alilia Mary, na hakuna aliyemshinda Mary kwa kulia. "Unajua vile amerudia ile chupa, Baba. Unajua vile Mama Ciru alimpata nyuma ya choo akitapika, na nguo za matanga bado ziko kwa mwili. Mfungue, Bwana, kabla aende Kesses kuaibisha jina lako!"

"Amina!" waliitikia akina mama. "Mfungue, Bwana!"

Nyakio, yaani huyo Mama Ciru mwenyewe, alikuwa amepiga magoti kwenye benchi la pili. Alifumbua macho. Migongo yote ilikuwa imeinama, vichwa vyote vimeelekea sakafuni, isipokuwa cha Naomi wa kwaya, ambaye alikuwa amegeuka akimtazama wazi, kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua. Nyakio akafumba macho tena upesi. Ajabu ni kwamba aliyeona haya ni yeye, wala si yule aliyekuwa akiomba.

Alikuwa amemwambia Mary jana yake tu. Wawili hao walikuwa watumishi wa wagonjwa. Kila Jumanne walikwenda hospitali na chupa ya uji, beseni na taulo, wakapita kitanda hadi kitanda kwenye wodi ya wanawake. Kazi waligawana bila kuambiana. Nyakio aliosha: miguu, migongo, nywele za watu waliosahauliwa na watu wao. Mary aliomba. Nyakio hakuwa na ulimi wa kuomba mbele za watu. Akisimamishwa kanisani maneno yalimkauka, akaishia kusema asante Yesu na kuketi. Mary alikuwa na karama. Wagonjwa walimsubiri kama wanavyosubiri daktari mkubwa, na wakishaombewa ndipo walipomnyooshea Nyakio miguu.

Basi Jumanne ile, kwenye ngazi za hospitali, Nyakio aliweka beseni chini akamwambia rafiki yake yaliyomkaba. Mungai, fundi wa mawe, alikuwa ameokoka na kuacha pombe miaka mingi. Kanisa lilikuwa limemteua kuwa mwinjilisti wa tawi jipya la Kesses, kule karibu na chuo, pamoja na nyumba ya kukaa na mshahara ambao, ingawa mdogo, ungekuja kila mwezi. Hapo Yamumbi, walikopanga nyumba, walikuwa wamebanwa. Mwenye nyumba alikuwa amewafungia mfereji ili wakumbuke kodi, na Nyakio akawa mtu wa kubisha milango ya majirani na ndoo mkononi. Kisha Mungai akaenda kumzika kaka yake, akarudi na chupa. Ilikuwa siku moja tu. Asubuhi yake aliimwaga iliyobaki, akalia mpaka Nyakio akaogopa.

"Usiambie mtu," Nyakio alisema. "Niombee tu."

"Nitakuombea, mami," Mary alijibu. Na hakudanganya.

*

"Mum, hiyo story iko kila mahali," Ciru alisema jioni ya Jumatano hiyo, hata kabla hajavua sare ya shule. "Hadi kwa group ya vijana. Wameandika 'tumwombee mwinjilisti wetu', halafu mtu akaweka ka-emoji ka chupa."

Baba yake alikuwa mezani akijikwangua saruji kwenye kucha. Aliacha kujikwangua.

"Nani alisema?"

Ciru akamtazama mama yake. Nyakio akaitazama sufuria.

"Mimi nilimwambia Mary peke yake," alisema mwishowe.

"Na mimi sikukuonyesha aibu yangu ndio uipeleke kwa Mary."

"Ningeipeleka wapi, Baba Ciru? Wewe ulikuwa unalia. Na mimi nimlilie nani?"

Mungai akarudia kucha zake. Simu yake ikalia, na wote watatu wakajua. Alikuwa ni Pasta Kituyi, mtu mpole asiyependa ugomvi, na upole wake huo ulikuwa umewagharimu watu wengi. "Ndugu Mungai," alisema, "wazee wangependa kukuona Ijumaa. Si kitu kikubwa." Katika kanisa lile, kitu ambacho si kikubwa hakikuitiwa wazee.

*

Ijumaa wazee walimweka Mungai nje kwanza. Alikaa kwenye benchi la mbao chini ya dirisha la ofisi, akisikia vijiko vikigonga vikombe na harufu ya chai ya maziwa ikimpitia puani. Ukuta aliouegemea aliujenga yeye mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa mikono yake na bila kulipwa, na Mzee Kipngetich alikuwa akipita na kusema kazi nzuri, ndugu, Mungu anaona. Sasa Mzee Kipngetich alikuwa ndani, mwenyekiti wa wazee, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, mume wa Mary. Walipomaliza chai walimwita. Kikombe chake hakikuwepo.

"Ndugu Mungai," alianza Mzee Kipngetich, "tumesikia mambo."

"Mmesikia kutoka wapi, mzee?"

"Kwa maombi."

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, kana kwamba habari imeshuka kutoka mbinguni na haikupitia mdomo wa mke wa mwenyekiti.

"Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli. Nilianguka siku moja, nikatubu. Sina la kuficha."

"Na leo?"

"Leo nini, mzee?"

"Leo hujaonja?"

"Sijaonja."

"Hebu kuja hapa karibu," alisema Mzee Kipngetich, akisukuma kiti chake nyuma. "Tupumulie."

Mungai alidhani amesikia vibaya. Alimtazama Pasta Kituyi. Pasta alikuwa akichunguza chini ya kikombe chake kitupu kwa makini mno. Basi mtu mzima yule, baba wa msichana wa kidato cha nne, akaizunguka meza, akainama, akafungua kinywa na kumpumulia mwenzake usoni.

"Kitunguu," alisema mzee. Mmoja wa wazee akacheka, kisha akakohoa. "Sawa. Rudi ukae."

Shauri lilikuwa limekatwa kabla hajaingia. Angekaa benchi la nyuma miezi sita, asishike kipaza sauti, asiguse meza ya Bwana. Kesses ingetafutiwa mtu mwingine. "Kule ni watoto wa chuo," Mzee Kipngetich alieleza, si kwa ukali. "Wanataka mfano. Mwinjilisti ni mtu nyumba yake iko na oda, iko na utaratibu."

"Na Mama Ciru?" aliuliza Pasta kwa sauti ndogo.

"Huyo hana shida. Hiyo kazi ya kuosha anaweza kuendelea nayo."

Mungai alifika nyumbani, akavua koti, akamsimulia mkewe yote. Sehemu ya kupumua aliisimulia akiwa ameelekea ukutani. Nyakio hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Kipngetich jioni ile, na chuki hiyo haikumtisha. Ilimpa joto.

*

Jumanne Mary alikuja hospitali kama kawaida, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, na chupa ya uji chini ya kwapa. Alimsalimia Nyakio kwa kumkumbatia. Nyakio alisimama kama mti. Kwenye mfereji wa kuchotea maji, mwishoni mwa wodi, alimgeukia.

"Nilikuambia uniombee."

"Si nilikuombea?"

"Mbele ya watu wote, Mary!"

"Mbele ya dada zako. Mama Ciru, mimi nikiomba peke yangu nyumbani sisikii kitu. Lakini tukishikana wengi, mbingu inatikisika. Hata mimi nililia. Hukuona nikilia?"

"Niliona."

"Sasa?"

Uso wa Mary ulikuwa mweupe kabisa, hauna hila hata chembe. Hilo ndilo lililomuumiza Nyakio kupita yote. Angekuwa na mtu mwovu mbele yake angejua la kufanya. Lakini huyu alikuwa ameivunja nyumba yake akiwa na nia njema, na alikuwa akingoja kushukuriwa.

"Baba Ciru amenyang'anywa Kesses," Nyakio alisema. "Mzee wako alimwambia apumue. Kama mlevi wa barabarani."

Mary aliinamisha kichwa. "Huyo mzee sasa... akishasema, amesema. Mimi ningemwambia nini?"

Akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua beseni, akaguna, na mkono wa sweta ukapanda. Juu ya kifundo ngozi ilikuwa imevimba, na alama za vidole zilionekana.

"Ng'ombe amenipiga teke nikikama," Mary alisema kwa mazoea. Kisha akakumbuka yuko na nani.

Kwani Nyakio alijua. Ni yeye aliyemfunga mbavu mwaka uliopita, hapo hapo hospitalini, kwa bandeji aliyoiomba kwa muuguzi akisema ni ya mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Kanisa zima lilijua kwamba nyumba ya Mzee Kipngetich ilikuwa na ng'ombe wakali. Nyakio peke yake alijua jina la ng'ombe, na alikuwa hajalitamka hata kwa mumewe.

"Hii ni yako na yangu," Mary alinong'ona, akiteremsha sweta.

"Hii hatuiombei kwa pamoja? Mbingu itikisike?"

"Usicheze hivyo, Mama Ciru. Hii si ya kuomba kanisani. Nikisikika, ataniua."

Kisha akaenda kitanda cha kwanza, akafumba macho na kuinua sauti, na wodi yote ikanyamaza kumsikiliza.

*

Kila mwaka kanisa lilikuwa na Jumapili ya Familia. Siku hiyo jozi moja ya mume na mke husimamishwa mbele, wameshikana mikono, ili wengine waone ndoa inavyokuwa. Mmoja wa waumini huitwa kuwaombea, akiwa amewawekea mikono mabegani. Mwaka huu Askofu alikuwa amekuja mwenyewe, kwa sababu alitaka pia kumaliza maneno ya Kesses, na waliosimamishwa walikuwa Mzee Kipngetich na Mary.

Nyakio aliwatazama kutoka benchi la nyuma, alikokaa na mumewe ingawa hakuna aliyemlazimisha. Mary alivaa gauni jipya la mikono mirefu. Mzee alivaa suti ya kijivu na alitabasamu. Kwa haki, mzee huyo alikuwa na lake la kusifiwa. Mwaka ule wa vita vya baada ya uchaguzi, Ciru angali mtoto wa kifuani, Mary alimficha Nyakio na mtoto ndani ya ghala la mahindi. Vijana walipokuja na moto wakitafuta watu wa kabila la Nyakio, waliotoka Central, ni Kipngetich aliyesimama langoni na kuwaapia kwamba kwake hakuna mtu. Aliapa uongo kwa ajili yao, akiwa mzee wa kanisa. Nyakio alilikumbuka hilo akiwa ameketi pale. Alilikumbuka lote, na bado akasimama.

"Nani ataongozwa kuwaombea watumishi wetu?" Pasta Kituyi alikuwa ameuliza.

Watu waligeuka kuona ni nani anayetembea kutoka nyuma.

"Haleluya!" Pasta alifurahi kwa dhati. "Mama Ciru! Leo Mama Ciru ameguswa!"

Mungai alikuwa amejaribu kumshika sketi. Alishika hewa.

Nyakio aliweka mkono mmoja kwenye bega la mzee na mwingine kwenye bega la Mary. Kipaza sauti kilishikwa na Pasta mbele ya mdomo wake. Maneno ambayo miaka yote yalikuwa yakimkauka yalikuja yenyewe, laini, moja baada ya jingine.

"Baba, asante kwa nyumba ya Mzee Kipngetich."

"Amina!"

"Asante kwa sababu mbele yako hakuna kitu kimefichwa."

"Amina!"

"Sasa tunakuletea mkono wa dada yetu Mary, Bwana. Huu wa kushoto. Wewe unajua haukupigwa na ng'ombe."

Amina zilizofuata zilikuwa chache, za wale waliokuwa hawasikilizi.

"Unajua ni nani aliupiga. Unajua na zile mbavu za mwaka jana. Mfungue mzee wetu na hiyo hasira, Baba, kwa sababu mwinjilisti lazima nyumba yake iwe na oda, na mwenyekiti wa wazee pia, Bwana."

"Amina!" aliitikia nyanya mmoja wa benchi la mbele, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, peke yake na kwa furaha.

Ukweli usemwe: ilikuwa tamu. Nyakio alihisi utamu huo mpaka kwenye vidole. Kisha chini ya mkono wake wa kulia akahisi bega la Mary likitetemeka. Si kutetemeka kwa kilio. Mary hakutoa chozi hata moja. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayengoja kuchapwa.

Ibada iliisha kwa haraka. Askofu alimwita Mzee Kipngetich ofisini, na alipotoka hakuwa mwenyekiti tena. Askofu alisema mzee atapumzika kidogo. Watu walisimama makundi makundi nje, wakishika mashavu. Walikuwa na mengi ya kusema juu ya mzee, juu ya Askofu, juu ya Mama Ciru na ulimi wake uliofunguka. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Mary atalala wapi. Walimtazama akipanda pikapu ya mumewe, kiti cha mbele, akifunga mlango kwa mkono wa kulia.

*

Askofu alipiga simu mwenyewe baadaye wiki hiyo. Aliyekiri dhambi yake, alisema, ni afadhali kuliko aliyeificha. Mungai akaanze kazi Kesses.

"Umesikia?" Nyakio alimwambia mumewe. "Baba Ciru, umesikia? Nyumba iko na vyumba viwili na jikoni."

Mungai alikuwa ameshika simu bado. "Nimesikia."

"Mbona basi umekaa hivyo?"

"Mimi nilikuwa nimekubali kukaa nyuma. Kosa lilikuwa langu, hata kama waliniaibisha. Ile miezi ingeisha." Alimtazama. "Yule mzee ni mtu mbaya kwa nyumba yake, na alistahili kuambiwa. Lakini hukumwambia kwa sababu ya Mary. Ulimwambia kwa sababu yangu."

"Na ni makosa mke kumtetea bwanake?"

"Wewe upo hai na Ciru yupo hai kwa sababu Mary alinyamaza. Hilo tu ndilo nasema. Umempigia simu?"

Alikuwa amempigia. Alikuwa amempigia asubuhi na mchana, siku zote hizo, na kila mara alijibiwa kwamba mteja hapatikani. Hata nyumbani kwao alikuwa amefika, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na ng'ombe wakilia hawajakamwa. Hilo hakumwambia Mungai. Alimwambia ainuke wafungashe vyombo.

*

Jumanne alikwenda hospitali peke yake. Alikuwa amejiambia kwamba atamkuta Mary mlangoni na chupa ya uji, watanuniana, wataosha, watazoeana tena; wangapi wamekosana kanisani na bado wanaimba kwaya moja? Mary hakuwa mlangoni. Nyakio alichota maji, akaanza na kitanda cha kwanza, akaosha bila maombi, na wagonjwa wakamvumilia.

Mary alikuwa kitanda cha karibu na dirisha.

Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta mpaka juu ya kiwiko. Jicho moja lilikuwa limefungwa na uvimbe, na mdomo umeshonwa pembeni. Nyakio alisimama na beseni, na maji yakamwagika kwenye viatu vyake.

"Mary."

Muuguzi alikuwa akipita na dawa. Mary alimngoja afike karibu.

"Ni ng'ombe," alisema kwa sauti ya kusikika, taratibu, kwa sababu ya zile nyuzi. "Ng'ombe alinipiga."

"Hao ng'ombe wenu muuze," alisema muuguzi, akapita.

Nyakio alipiga magoti. Hakujua la kufanya jingine. Akaitoa miguu ya rafiki yake chini ya blanketi, akaiweka ndani ya maji, na mikono yake ikaanza kazi yake ya kila wiki.

"Nisamehe," alisema. "Mary, sikujua..."

"Ulijua. Nilikuambia pale kwa mfereji." Hakukuwa na hasira katika sauti hiyo, na ingekuwepo Nyakio angeshukuru. "Kesses mnahamia lini?"

"Jumamosi."

"Nyumba iko na maji?"

"Iko."

"Hiyo ni vizuri. Umeteseka na ndoo."

Nyakio akashindwa kujizuia, akalia juu ya miguu ile. Bibi wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa pale tangu mwezi uliopita na aliwazoea, alijiinua kwa kiwiko kuwatazama.

"Kumbe ni huyu mwombaji wetu ameumia hivi!" alisema. "Pole, mama. Sasa leo nani ataomba? Si wewe wa kuosha umwombee mwenzako? Ombeni kwa sauti, na sisi tupate."

Vichwa kadhaa viligeuka kwenye mito. Nyakio aliinua uso, akafungua kinywa.

Mary aliurudisha mguu wake nyuma ndani ya beseni, kidogo tu, na jicho lake moja lilikuwa na hofu tupu.

"Osha tu, Mama Ciru," alisema. "Tafadhali. Osha tu."

Nyakio alifunga kinywa, akashika mguu wa pili.